Uzoefu wangu na Dune: jangwa linalohesabiwa kwa lita

Nimemaliza kuisoma Dune ya Frank Herbert, riwaya ya kisayansi iliyotoka mwaka 1965, na kinachonifanya niandike ni taswira zake. Riwaya nyingi za aina hii zimewahi kunichosha kwa maelezo. Unaambiwa chombo kina urefu kadhaa, anga lina rangi fulani, miezi iko miwili, na ukifunga kitabu hakuna kinachokubakia. Herbert ana sayari nzima ya mchanga, Arrakis, lakini hakai kuisifia. Karibu kila anachokuonyesha kina hesabu ya maji ndani yake.

Mapema kabisa, ukoo wa Mtawala Leto unahamia kwenye jumba ambalo mbele yake imepandwa mitende 20. Jessica, mwenzi wa Leto, anashangaa kuona wapita njia wakiitazama miti hiyo kwa macho ya ajabu. Daktari wao, Yueh, anampigia hesabu: mtende mmoja unakunywa lita 40 kwa siku, mtu anahitaji lita 8. Basi kila mtende ni watu watano, na pale nje wamesimama watu 100. Hapo ndipo kitabu kiliponinasa. Mwandishi hakuhitaji kuniambia kwamba wenyeji wana kiu na wana chuki. Niliiona miti, nikaelewa.

Kisha inakuja karamu. Desturi ya jumba hilo ni kila mgeni kunawa kwenye bakuli lililo mlangoni, kumwaga maji ovyo sakafuni, kujifuta, na kulitupa taulo kwenye dimbwi. Baada ya chakula, ombaomba hukusanyika nje wapate maji yaliyokamuliwa kwenye mataulo hayo. Leto anaifuta desturi hiyo na kuagiza kila anayekuja apewe maji ya kunywa. Kwa taulo moja lililolowa unaujua utawala uliotangulia ulikuwaje, na huyu mpya anataka kuonekana vipi.

Vazi la jangwani la Wafremen, wenyeji wa sayari hiyo, limeelezwa kwa undani unaokaribia kuchefua, nami nikaupenda. Linanasa jasho, mkojo na hata unyevu wa pumzi, linachuja, kisha mwendo wa mwili unasukuma maji hadi kwenye mifuko yake, na mvaaji anayanyonya kwa mrija ulio karibu na shingo. Likivaliwa sawasawa, unyevu unaopotea kwa siku nzima hauzidi kujaza kastabini.

Ukishayajua hayo, mambo madogo yanapata uzito. Stilgar, kiongozi wa Wafremen, anatema mate mezani mbele ya Leto. Watu wa Leto wanataka kumrukia, lakini Duncan Idaho, mpiganaji wa Leto, anawazuia na kumshukuru mgeni kwa zawadi ya maji ya mwili wake. Baadaye kijana Paul, mwana wa Leto na Jessica, anamuua mtu katika pambano la visu, na kwenye maziko machozi yanamtoka. Wafremen wananong'ona kwa mshangao kwamba anampa maji maiti, na vidole vinamgusa shavu lililolowa. Sijasoma tukio la kilio lililonishika namna hiyo.

Mnyoo mkubwa wa jangwani ndio unaojulikana zaidi, na kweli unatisha, ila hautolewi haraka. Kwanza ni mchanga unaojikunja kwa mbali, halafu ardhi inatetemeka na kulegea kama kimiminika, ndipo mdomo unafunguka na kuimeza mashine nzima ya kuvunia kiungo cha thamani kilichomo mchangani.

Wazo la kitabu lilimjia Herbert alipokwenda Oregon, Marekani, kuangalia matuta ya mchanga yaliyokuwa yakizuiwa kusogea kwa kupandwa nyasi. Inaonekana wazi: ameandika kama mtu aliyeuchunguza mchanga unavyotembea.

Kasoro zipo. Kurasa za mwanzo zimejaa majina na vyeo, na utafungua kamusi iliyo nyuma ya kitabu mara kwa mara. Njozi za Paul kuhusu wakati ujao zimebaki ukungu mtupu, hazina kitu cha kushika. Kinachoniudhi zaidi ni adui mkuu, Baron Harkonnen: uovu wake umechorwa kwa unene wa mwili wake tu, tena na tena, na mwandishi aliyeweza kusema mengi kwa taulo hakupaswa kuridhika na hilo. Sehemu ya mwisho nayo inakimbia, na kuna vifo vinavyostahili ukurasa vilivyopewa sentensi chache.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ukiamua kukisoma, usiruke sura za mwanzo ndani ya jumba ukitafuta vita na minyoo; mitende na karamu viko humo. Na tafuta toleo lenye kamusi na ramani, utavihitaji.