Paa la uani, Moshi na Arusha: lipi ununue kabla ya wageni wa Desemba

Mtu akiamua kutengeneza uani kwa ajili ya kukaribisha wageni, kwanza huulizia viti. Halafu taa zile za kuning'iniza. Paa hufika mwisho, na likifika huwa ni turubai lililofungwa kwa kamba, ncha moja kwenye mparachichi na nyingine kwenye nondo ya dirisha. Kwa mikoa yetu hii miwili, Kilimanjaro na Arusha, mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Hela ya kwanza iende kwenye paa, ya pili kwenye sakafu, na viti vikae foleni.

Sababu iko kwenye kalenda. Watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani Desemba, "kuhesabiwa" kama utani unavyosema, na mwezi huo vuli mara nyingi haijaaga. Pasaka huangukia mwishoni mwa Machi au ndani ya Aprili, yaani masika yenyewe. Juni na Julai mvua hupungua, lakini mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na jioni ya Julai pale Njiro au Sakina mgeni huanza kuulizia shuka la Kimasai kabla nyama haijaiva. Jua kali la Moshi la Januari na Februari linasumbua, ni kweli, ila miezi hiyo ndiyo tuna sherehe chache. Kinachoharibu shughuli zetu ni maji.

Kabla ya kutoka kwenda dukani, pima. Mtu aliyeketi kwenye kiti chenye meza mbele yake, na nafasi ya mhudumu kupita nyuma, anahitaji kama mita moja na nusu ya mraba. Wageni 20 ni mita za mraba 30, kwa mfano kina cha mita 4 na urefu wa mita 7.5. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba tayari, hiyo si sehemu ndogo, na ndiyo inayoamua nafasi ya kwanza kwenye orodha yangu ya mapaa sita, niliyoipanga kuanzia lililo bora.

Angalia pia pande za dunia. Tuko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, hivyo Desemba jua la mchana linapita upande wa kusini. Tena Moshi na Arusha zina bahati moja: Kilimanjaro iko kaskazini ya Moshi, Meru iko kaskazini ya Arusha. Uani ulio upande wa kaskazini wa nyumba unapata kivuli cha nyumba yenyewe wakati wa Krismasi, na mlima uko mbele ya macho wingu likifunguka jioni. Upande wa magharibi ndio wa kuziba, maana wageni wakitoka kanisani wanakaa kuanzia saa nane, na jua la saa kumi linapiga usoni.

Nafasi ya kwanza: paa la bati lililoegeshwa kwenye ukuta wa nyumba

Halina mbwembwe, na ndiyo maana watu hulidharau. Lakini upande mmoja tayari umeshikwa na ukuta, kwa hiyo unanunua nguzo za upande wa mbele tu. Kwa urefu wa mita 7.5 nguzo nne zinatosha, moja kila mita 2.5. Umeme uko karibu, jiko liko karibu, na mvua ikishuka hakuna anayekimbia na hotipoti la pilau kichwani.

Vipimo vya kumpa fundi: paa lishikwe ukutani kwenye urefu wa mita 2.9, mbele liwe mita 2.3. Hapo linateremka sentimita 60 ndani ya mita 4, maji yanakimbia vizuri. Mbele lizidi nguzo kwa nusu mita, kwa sababu mvua ya vuli haiji wima. Bati nyingi za rangi za migongo mipana hufunika kama sentimita 75 zikishapandishana, hivyo bati 10 zinafunika mita 7.5, ongeza moja ili pembeni pasibane. Agiza zikatwe kiwandani kwa urefu mmoja wa mita 4.6. Ukinunua fupi ukaunganisha katikati, umejinunulia mahali pa kuvuja.

Kuhusu geji, yaani namba ya unene wa bati, kumbuka namba inavyozidi kupanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa paa la uani geji 30 inatosha kama papi (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati) zimekaa karibu. Geji 32 iache, mtoto akipanda kufuata mpira litabonyea. Na usitosheke na maandishi ya kwenye risiti: shika ukingo wa bati, lilinganishe na la jirani yake dukani.

Nguzo ziwe za skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne) iliyopakwa redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kabla ya rangi ya mwisho, au mbao. Paini na sipresi zipo kwa wingi, maana mashamba ya miti ya serikali ya West Kilimanjaro na Meru hayako mbali. Ila mbao laini isiyotiwa dawa ikigusa udongo, mchwa wanaifikia. Mafundi wengi hupaka oili chafu chini ya nguzo. Inasaidia kwa muda, ila dawa ya kiwandani inayoingia ndani ya mti ina nguvu zaidi. Njia bora kuliko zote ni nguzo isiguse udongo kabisa: mwaga kitako cha zege kinachotokeza juu ya ardhi, kichomekwe chuma, nguzo isimame juu yake.

Kuna mambo mawili yanayoangusha paa la namna hii. La kwanza ni ufa kati ya bati na ukuta. Sharti uzibwe kwa bati lililokunjwa na kuchimbiwa ndani ya plasta, silikoni peke yake hupasuka kwa jua. La pili ni maji ya paa kubwa la nyumba kumwagikia paa dogo. Funga gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) kwenye paa la nyumba kwanza. Ukishaifunga, funga na ya paa dogo pia: mvua ya milimita 20 juu ya mita za mraba 30 ni lita 600, na simtanki haiulizi maji yametoka upande gani.

Kelele za mvua zipo. Dari ya matete au mikeka chini ya bati hupunguza kelele na joto, na inapendeza kuliko jipsamu, ambayo unyevu wa nje huila.

Ya pili: banda la bati linalojitegemea

Kwa wenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) kikubwa, Kibosho, Machame, Marangu, au kiwanja kipana huko Usa River na Ngaramtoni, hili linashinda la kwanza. Moshi wa nyama hauingii chumbani, wazee wanakaa mbali na muziki, na unalielekeza unakotaka. Gharama inapanda kwa sababu nguzo ni za pande zote, kuna kenchi (fremu za kubeba paa), kuna kofia ya juu, na kuna waya wa umeme wa kuvuta chini ya ardhi ndani ya bomba.

Mvua inaongezeka kadiri unavyopanda mlima, hivyo huko juu usiridhike na ukingo wa nusu mita. Ziba upande mmoja au miwili kwa mbao hadi kiunoni. Na kama mfongo, mfereji wa asili wa maji ya mlimani, unapita kihambani kwako, usiujengee juu wala usiugeuze bila kuongea na wanaogawana maji yake. Banda halifai ugomvi na majirani wa chini.

Ya tatu: fremu wazi na mpesheni

Hii ni ya mwenye subira. Unasimamisha fremu ya mbao au skwea paipu, unatandaza waya juu, unapanda mpesheni kila nguzo. Ukimwagilia vizuri, ndani ya mwaka mmoja au miwili juu pamefunika, na juisi ya wageni inaning'inia hapo hapo. Bogenvilia ina rangi nzuri zaidi lakini miiba yake na nguo za sikukuu havipatani.

Haizuii mvua. Nimeipa nafasi ya tatu kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu fremu hiyo hiyo, ukiijenga imara na yenye mteremko tangu mwanzo, inapokea bati siku ukipata hela. Ukitaka kwenda hivyo, usimruhusu fundi aijenge bapa.

Mti uliopo tayari ni zawadi, ila chagua mti. Chini ya mparachichi kuna matunda ya kumwangukia mtu. Mjakaranda hupendeza kuanzia Oktoba, kisha hugeuza sakafu kuwa utelezi wa maua yaliyooza. Mgrevilea hauna matunda ya kukupiga, lakini hudondosha majani mwaka mzima.

Ya nne: msonge wa nyasi au makuti

Hapa najua nitagombana na watu. Msonge ndio uzuri wenyewe. Ubaridi wake mchana wa Februari bati haliwezi kuufikia, na mvua ikinyesha mnaendelea kusikilizana. Kila baa yenye heshima barabara ya Moshi–Arusha inao.

Lakini baa ina mtu wa kuukarabati. Nyasi zinahitaji mwinuko mkali, kama nyuzi 45, la sivyo maji hukaa na kuozesha. Kwa hiyo paa linakuwa refu sana kwa eneo dogo linalofunika. Makuti ya mnazi yanasafirishwa kutoka pwani, yaani unalipia lori, na baada ya miaka michache unalipia tena. Halafu kuna cheche. Nyumba za asili za Wachagga, zile za nyasi ambazo watalii huonyeshwa Marangu, zilikuwa na moto ndani kila siku, na moshi ule ndio ulifukuza wadudu na kutunza nyasi. Ulikuwa moto mdogo wenye mwangalizi. Jiko la mkaa linalopepewa na shemeji mwenye bia mkononi ni habari nyingine. Ukijenga msonge, nyama ichomwe mbali, upande ambao upepo unaelekea.

Ya tano: neti ya kivuli

Ni ile inayotumika kwenye mashamba ya maua na vitalu vya miche. Huuzwa kwa asilimia ya kivuli. Kwa watu chukua ya 70 au 80. Kwa Moshi mjini Januari inafaa sana kwa bei yake. Mvua inapita kama kawaida, tena inaendelea kudondoka hata baada ya kukatika juu.

Ya sita: mwavuli mkubwa

Meza moja, watu wanne, siku isiyo na upepo. Basi.

Turubai kubwa la sherehe sijalipanga, kwa sababu halinunuliwi, hukodishwa. Kipaimara cha watu 150 hakijengewi paa. Kodi turubai na viti, chini ya paa lako waketi wazee na wapishi. Wahi tu kuweka nafasi, Desemba kila kata ina shughuli.

Baada ya paa

Sakafu: vitofali vya pevingi vinashinda, kwa sababu kimoja kikizama unakinyanyua, unaongeza mchanga, unarudisha. Zege lililolainishwa huteleza likilowa. Kama ni zege, mwambie fundi alipige ufagio kabla halijakauka. Kokoto ni rahisi lakini visigino vya kina mama huzama. Ukoka chini ya paa hufa.

Jiko la kuchomea: nusu pipa lenye miguu ndilo la kuanzia. Uliza pipa lilibeba nini. La mafuta ya kula ni salama zaidi. La kemikali usilichukue hata likiwa la bure. Lichomwe moto mkali tupu, rangi yote iungue, kabla nyama haijagusa wavu. Anayetaka ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) wa mara kwa mara ajenge la matofali ya kuchoma, lenye urefu wa mita moja na nusu. Asizungushie moto mawe ya mtoni, maana yenye unyevu ndani yakipata joto hupasuka na kuruka.

Viti: vya plastiki vya kupangana, vile ambavyo hata jirani anaazima. Chagua vyenye miguu minene na jaribu kukaa dukani ukiegemea nyuma. Mabenchi ya mbao kando ya ukuta yanakaa watu wengi kwa nafasi ndogo. Masofa ya kusuka ya plastiki yanavutia kwenye picha, ila yale ya bei nafuu jua letu huyafanya yakatike nyuzi.

Taa ziwe za mwanga wa njano, wadudu hawazifuati sana kama nyeupe, na angalau mbili ziwe za sola kwa jioni ambayo umeme umekatika. Ukikaa karibu na mashamba ya mpunga ya Mabogini, feni ya dari itakusaidia dhidi ya mbu kuliko ubani wowote.

Agiza bati na umpate fundi mwezi wa Agosti au Septemba, ardhi ikiwa kavu na mafundi wakiwa bado wanapokea simu. Lipa vifaa dukani mwenyewe, ufundi umlipe kwa hatua: nguzo zikisimama, papi zikifungwa, na kiasi cha mwisho kibaki mkononi mwako mpaka mvua ya kwanza inyeshe na wewe ukiwa umesimama chini ya lile bati unaangalia ukuta.