Kidonda sugu cha mguu: nyuzi za kioo au asali?

Hii mada haiishi hapa Tanga, hasa kwa wenye wagonjwa wa sukari, na mimi nimemuuguza mama mkubwa pale Ngamiani kwahiyo naiongea kwa uchungu.

Nyuzi za kioo hai zinafanana kabisa na zile pamba za sukari za watoto, nyeupe, laini, unazijaza kwenye shimo la kidonda. Sio kioo cha dirishani jamani! Asili yake ni kazi ya mwanasayansi Larry Hench kule Florida, Marekani, 1969, kioo kinachoshikana na mfupa, halafu wakaja na cha borati, yaani chenye madini ya boroni, ambacho kikikutana na majimaji ya mwili kinayeyuka chenyewe kikiachia kalsiamu na boroni, na Marekani wakakiruhusu kwa vidonda 2016. Hapa kinashinda mbali kwenye usumbufu, huchomoi kitu, maana kile kilio cha mama mkubwa gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, ikinasa sitakisahau.

Bei sasa, ni kubwa, na madukani huku sijaziona.

Asali inapatikana na inabana bakteria kweli, ila iwe ya hospitali iliyosafishwa kwa mionzi, sio ya chupa ya Handeni, na inalowa haraka, unabadilisha mara kwa mara.

Kama kidonda ni cha juu juu na nesi yuko karibu, asali inatosha. Kina shimo, miezi imepita na kuna bima au ndugu wa kuchanga, muulize daktari habari za nyuzi.