Kupima pumzi: maabara au uwanjani?

Maabara unavaa barakoa, unakimbia kwenye mashine huku kasi ikiongezwa hadi uishiwe nguvu, na kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili wako unaweza kutumia, yaani pumzi yako, kinapimwa moja kwa moja. Hakuna kipimo sahihi zaidi, ila ni ghali.

Uwanjani kuna jaribio la Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, la mwaka 1968: kimbia dakika 12, pima umbali. Ukifikisha mita 2,400, kiwango chako cha juu ni takriban mililita 42 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wako kwa dakika. Ni makadirio tu. Jua kali au kuanza kwa pupa huyavuruga. Hata hivyo nauchagua uwanja, maana naweza kurudia kila miezi mitatu bila gharama na kuona kama napanda au nashuka. Mwenye maradhi ya moyo, huyo aende maabara, daktari akiwa kando.