Miezi minne na mchezo wa vita vya Hannibal: mwendo mtamu, Cannae imewashinda

Nikiri mapema kwamba mchezo huu wa mezani niliununua kwa sababu ya sanduku lake. Ndani kuna ramani ya Italia, kete za karatasi ngumu zaidi ya mia tatu, dadu mbili, na kijitabu cha kanuni cha kurasa 48, Kiingereza kitupu, herufi kama sisimizi. Ni Vita vya Pili kati ya Roma na Karthago, 218 hadi 201 KK, Hannibal akiwa jemadari wa Karthago.

Mpinzani wangu ni shemeji, mtu wa bao. Jioni ya kwanza alizitazama kete akauliza, "Sasa hapa mtu anakula vipi?" Nikamwambia subiri, hapa kwanza tunatembea.

Na kutembea ndiko kulikonifanya niupende. Kete za jeshi hulazwa kifudifudi, mwenzako anaona kambi tu, hajui nani wamo. Ukitaka kusafiri usiku unaruhusiwa, ila unalipia kwa uchovu. Uzuri wa kanuni hizi niliuonja tulipofika mwaka 207 KK, mimi nikiwa Roma. Hasdrubal, mdogo wake Hannibal, ameshavuka milima ya Alpi na jeshi la pili, anashuka kumfuata kaka yake aliyeko kusini. Wakikutana, Roma imekwisha.

Katika historia, konsuli (mmoja wa wakuu wawili wa Roma) Gaius Claudius Nero alizinasa barua za Hasdrubal. Akachagua askari 6,000 wa miguu na 1,000 wa farasi, akachomoka kimyakimya kaskazini kumsaidia mwenzake Marcus Livius, huku kambi yake mbele ya Hannibal ikibaki imesimama kana kwamba yumo. Chakula walipewa na wanavijiji njiani, kwa hiyo hawakuburuta mizigo. Wakaingia kambini kwa Livius usiku, wakabanana na wenyeji mahema yaleyale ili kambi isionekane imekua. Kilichowaumbua ni tarumbeta: ilisikika mara mbili, na Hasdrubal, aliyewajua Warumi siku nyingi, akaelewa makonsuli wote wawili wapo. Alijaribu kuondoka usiku, waongozaji njia wakamtoroka, akakwama kando ya mto Metaurus. Siku ya vita Nero alikuwa ubavu wa kulia, kilima kikimzuia asimfikie adui. Akachukua sehemu ya askari wake, akapita nao nyuma ya jeshi zima hadi kushoto, akapiga ubavuni. Hasdrubal akafa pale. Hannibal alipata habari kwa kutupiwa kichwa cha ndugu yake mbele ya walinzi wake.

Mchezo una kadi ya tarumbeta kwa ajili ya hilo. Mpinzani akipata tano au sita kwenye dadu, unamfunulia kambi. Shemeji alipata tatu. Hakusema neno mpaka chai ilipoletwa, ndipo akauliza, "Kwani ile kambi yako ya kusini ilikuwa tupu tangu lini?"

Sasa lalamiko langu: vita vya Cannae, kusini mwa Italia, tarehe 2 Agosti 216 KK. Kanuni za mapigano ni hesabu ya sokoni, jumlisha kete zako, toa za mwenzako, mwenye nyingi kashinda. Mwanahistoria wa kale Polybius anasema Roma ilileta askari wa miguu kama 80,000 dhidi ya 40,000 hivi wa Hannibal. Tumeicheza mara sita, Roma imeshinda zote sita! Wakati katika historia Warumi walishindwa, na wingi huo ndio uliowaua. Konsuli wao Varro aliwapanga wamebanana, kina kirefu kuliko upana. Hannibal akawaweka Wagalia na Wahispania katikati, wamebenuka mbele kama mwezi mwandamo, wakarudi nyuma kadiri walivyosukumwa. Walibya wake waliokuwa pembeni wakageukia ndani. Kisha wapanda farasi wake, baada ya kuwatimua wa Roma, wakatokea mgongoni. Askari wa katikati hana hata nafasi ya kuinua mkono, na mchezo unamhesabu kama anapigana.

Tumejitungia kanuni yetu, nimeiandika kwa kalamu pembeni mwa ukurasa wa 31: kete zaidi ya nne mahali pamoja zinapigana kama nne, na zikizingirwa pande tatu zinapigana kama mbili. Tangu hapo Hannibal anapumua.

Vifaa ni vya wastani. Pembe za kete zinabanduka, na mbili hazikuwemo kwenye sanduku. Muuzaji alijibu baada ya wiki tatu, akaomba picha. Picha ya kitu ambacho hakipo! Tembo wangu wawili sasa ni vifuniko vya soda.

Naupa nyota tatu na nusu, na tatu kati ya hizo ni za mwendo. Uwe na saa tano na mtu wa kukuvumilia. Jumamosi shemeji anakuja, kasema safari hii Roma ni yake, na ameanza kuulizauliza habari za tarumbeta.