TAHADHARI: jamaa anayeuza "Herring orijino" ya farasi wa mashindano na joki

Wadau mlioko Uingereza, na nyie mnaoagiza vitu vya kale kutoka huku, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya kuuziana anauza picha ya farasi wa mashindano na joki mgongoni, anasema ni orijino ya J. F. Herring, mchoraji wa farasi wa Kiingereza, ya 1828, ilikuwa ukutani kwa bibi yake Doncaster, na eti anaiachia kwa bei ya kutupa sababu anahama. Dada mmoja tunayefahamiana kamtumia pauni mia tisa moja kwa moja benki, picha ikafika kweli, akaniletea nimrekebishie fremu maana ndo kazi yangu. Nilivyoitoa tu kwenye fremu nikamwambia dada kaa kwanza.

Jamaa kasoma, hilo nampa. Herring aliishi Doncaster kweli, aliendesha magari ya farasi ya abiria kabla hajapata jina, halafu akachora farasi walioshinda mbio za St Leger za hapohapo Doncaster miaka na miaka, kwa hiyo stori ya bibi inaingia akilini fasta. Ila kwenye sahihi jamaa kaandika "Sr", yaani Senior, baba mtu. Mzee Herring hiyo Sr alianza kuiweka 1836, baada ya mwanae mwenye jina hilohilo kuanza naye kuchora farasi kwa staili ya baba, watu wakawa wanawachanganya. 1828 huyo dogo bado mtoto, Sr ya nini?

Na joki mwenyewe jamani! Kajikunja juu ya shingo ya farasi, magoti juu, matako hewani, kama hawa tunaowaona kwenye TV. Enzi zile majoki walikaa wima, miguu imeshuka chini. Mkao wa kujikunja ulishika Uingereza miaka ya mwisho ya 1890 baada ya joki Mmarekani Tod Sloan kuja huku akawa anashinda nao, na mwanzoni walimcheka wakamfananisha na nyani. Herring alifariki 1865. Hata miguu ya farasi imekaa sawa kama kwenye kamera, wakati wachoraji wa zamani farasi anayekimbia walimnyoosha miguu yote minne hewani, mpaka mpiga picha Muybridge alipopiga zile picha zake za farasi anayekimbia 1878 ndo watu wakaona kumbe haikimbiagi hivyo. Yani kachukua picha ya juzijuzi akaibandika jina la marehemu.

Kwenye kioo cha kukuzia unaona vidoti vya printa, juu yake wamepaka gundi ya kung'aa kwa brashi ili ukigusa uhisi rangi ya mafuta. Nyuma turubai imepakwa kitu cha kahawia iwe kama imezeeka, lakini pembeni pale ilipokunjwa ni nyeupe pee na imeshikwa na pini za stepla. Fremu yenyewe ndo ya zamani kweli, na ndo inayowamaliza watu.

Ukimuomba picha ya nyuma anakwambia ukuta una unyevu hawezi kuishusha. Ukimwambia unalipa kwa kadi anapotea. Dada kashatoa taarifa benki, anasubiri. Jamaa kambloku, kabadilisha jina, na jana nimeona tangazo jipya, fremu ya dhahabu ileile iliyomeguka kona ya chini kushoto, safari hii bibi anaishi York.