Hadubini ya macho mawili na kuvu za majani makavu: uzoefu wangu Bukavu

Kama unatafuta hadubini ya kutambua kuvu ndogo zinazoota juu ya majani na vijiti vilivyokufa, usianze kwa kuuliza inakuza mara ngapi. Uliza lenzi yake ya x40 ikoje, na kama ina kondensa (lenzi iliyo chini ya meza, inayokusanya mwanga) inayopanda na kushuka. Wauzaji wengi hawayagusi hayo mawili, na ndiyo yaliyofanya niridhike na hii yangu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Hadubini yangu ni ya wanafunzi, ya macho mawili, imetengenezwa China, ina lenzi nne za chini: x4, x10, x40 na x100. Aliniletea mfanyabiashara mmoja anayepitisha vifaa vya maabara Kigali, na hadi kunifikia ilikuwa imegharimu zaidi kidogo ya dola 250. Kwa mshahara wa mwalimu hizo si pesa ndogo, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Bukavu ni mji wa neema kwa kazi hii. Tuko kwenye mwinuko wa mita kama 1,500, mvua inaanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na unyevu hautoki kirahisi. Majani ya mgomba yaliyokauka yakining'inia, mabua ya mahindi yaliyoachwa shambani, mashina ya maharagwe yaliyokwisha kupurwa, matete ya kando ya ziwa, majani ya mikaratusi yaliyoanguka: kote humo kuna kuvu. Mama jirani, kila akinikuta na mfuko wa majani yaliyooza, ananiambia, «Mwalimu, si uyaache shambani yaoze tupate mbolea?» Nami namjibu, «Mama, hao ninaowatafuta ndio wanaoyaozesha.» Na ni kweli tupu. Kuvu ndizo hasa zinazovunja selulosi na lignini, vitu vigumu vinavyoshikilia mwili wa mmea. Bila hizo, mavuno ya kila msimu yangeacha mabua yasiyokwisha.

Kabla ya kuwasha hadubini unahitaji kioo cha mkononi cha x10, kile cha mafundi saa. Bila kioo hicho utakata vipande vya majani ovyo na kuangalia uchafu. Chukua shina kavu la maharagwe, uligeuzegeuze kwenye mwanga wa dirisha, na polepole utaanza kuona mambo: mabaka meusi ya kimahameli, vidoa vilivyotuna chini ya ganda, na mara nyingine vijiti vyeusi vilivyosimama, kila kimoja na kichwa cha duara, mfano wa pini zilizochomekwa kwenye kitambaa. Hizo pini mara nyingi ni kuvu iitwayo Periconia. Nachomoa mbili tatu kwa ncha ya sindano na kuziweka kwenye slaidi. Natanguliza tone dogo la spiriti, kwa sababu spora kavu (chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana nazo) hukataa maji na kushika viputo vya hewa, kisha tone la maji, kisha kioo cha kufunikia. Kwa x10 naona bua jeusi na kichwa. Nikigeuza x40, kichwa kinakuwa rundo la spora za kahawia, za duara, kila moja ikiwa na vipele vidogo vidogo kuizunguka. Kama upana wake ni kati ya mikromita 10 na 15 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), nafikiria Periconia byssoides. Mara ya kwanza kuviona vile vipele vikiwa safi namna ile nilimwita mke wangu aje aangalie, akaacha sombe jikoni akaja.

Hapo ndipo ubora wa x40 unapoonekana. Mwaka 1873, Ernst Abbe wa Ujerumani alieleza kwamba uwezo wa hadubini kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana unatokana na urefu wa wimbi la mwanga na upana wa pembe ya mwanga ambayo lenzi inaweza kuipokea. Pembe hiyo imeandikwa ubavuni mwa kila lenzi kwa namba. Kwenye yangu, x40 ina 0.65 na x100 ina 1.25. Maana yake ni kwamba x40 inatenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban nusu mikromita, na x100 yenye mafuta inafika kama robo. Ukuzaji wenye faida hauzidi sana mara 1,000 ya namba hiyo, kwa hiyo lenzi ya 1.25 inaishia kwenye 1,250 hivi. Boksi la hadubini yangu limeandikwa 1600x kwa herufi kubwa, kwa kuwa wameongeza lenzi ya jicho ya x16, na 16 mara 100 ni 1600. Ukiifunga, picha inakuwa kubwa na yenye ukungu, na hakuna kipele hata kimoja kinachoongezeka. Muuzaji akikutajia 2000x, mwombe akuonyeshe namba ya ubavuni.

Ile x40 yangu ni safi kuanzia katikati mpaka karibu na ukingo, na ndiyo inayofanya sehemu kubwa kabisa ya kazi. Jambo moja la kuangalia: imetengenezwa kwa kioo cha kufunikia chenye unene wa milimita 0.17. Ukitumia vipande vya plastiki au kioo kinene, picha inafifia na utailaumu lenzi bure. Lenzi ya x100 naitumia tu nikitaka kuona mapambo ya ganda la spora, na mafuta yanawekwa kwenye hiyo peke yake, kisha yanafutwa papo hapo kwa karatasi laini ya lenzi.

Taa ni ya LED na ina betri ndani, inachajiwa. Anayeishi Bukavu anajua thamani ya hilo. Umeme ukikatika jioni, naendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, na betri haijawahi kuniangusha kabla sijamaliza. Kondensa nayo inapanda na kushuka vizuri, na kile kijitundu chake cha kupunguza mwanga kinafunga taratibu bila kukwama. Kuvu nyingi zina nyuzi zisizo na rangi. Ukiacha mwanga wote uingie, huzioni kabisa. Funga kijitundu kidogo, nyuzi zinajitokeza na kuta zake. Kwa spora za kahawia unafungua tena. Nawaonyesha wanafunzi wangu jambo hili kabla ya jingine lolote.

Kutambua kwenyewe kunataka uone spora imezaliwaje. Umbo peke yake linadanganya. Mwaka 1953, Stanley Hughes, akifanya kazi Kanada, alipendekeza kuvu hizi zipangwe kwa kufuata jinsi spora inavyotokea kwenye bua lake, na wazo hilo ndilo lililobadilisha fani nzima. Kwa hiyo usikwangue kwa nguvu. Mimi nakandamiza kipande cha seloteipu angavu juu ya baka, nakiinua polepole na kukibandika kwenye tone la maji. Spora nyingi zinabaki mahali pake. Ukifanya hivyo kwenye shina kavu lenye mahameli meusi, unaweza kukuta Torula herbarum: spora zake zimeungana katika minyororo ya kahawia inayokatika ikiguswa tu. Kuvu hii ilielezwa kwanza na Christiaan Hendrik Persoon, mtu aliyezaliwa Rasi ya Tumaini Jema, hapa hapa Afrika, mwaka 1761, na kufa Paris mwaka 1836 katika umaskini. Yeye hakuwa na LED wala kondensa ya namna hii.

Kwenye mabua ya mahindi natarajia Nigrospora, spora nyeusi tii, laini, za duara lililobonyea kidogo, kila moja imekaa juu ya kitako kifupi kisicho na rangi. Kitako hicho kina nguvu ya kuirusha spora hewani. Kwenye nyasi, karibu na mizizi, huwa natafuta Tetraploa aristata, na hii ndiyo niipendayo kupita zote. Spora yake ina safu nne za seli zilizobanana, na kila safu inaishia kwenye unywele mrefu. Mwili wake una urefu wa mikromita kama 30, na nywele zinaweza kuuzidi. Imejulikana kwa sayansi tangu mwaka 1850, na ukishaiona huwezi kuichanganya na nyingine. Wanafunzi wanagombania lenzi siku ninapoipata.

Kuna kuvu nyingine zinazodai subira. Vijiti vya muhogo vilivyokufa mara nyingi vina vipele vyeusi vya Lasiodiplodia. Ukipasua kipele kichanga, spora zinatoka zikiwa hazina rangi, seli moja tu, na unaweza kuziita jina lolote. Zikikomaa zinakuwa za kahawia, zinagawanyika seli mbili, na michirizi inatokea kwa urefu wake. Hapo huna shaka. Dawa yake ni boksi la plastiki lenye karatasi ya chooni iliyoloweshwa: weka vijiti humo, funga, vikae siku kadhaa. Hilo boksi la bei ya chini limenipa kuvu nyingi kuliko safari za mbali.

Upungufu sasa. Wa kwanza na mkubwa: hadubini haikuja na rula ya kwenye lenzi ya jicho. Kwa kuvu, kutokuwa na rula ni kutokuwa na hadubini kamili, kwa sababu spishi mbili zinaweza kutofautiana kwa mikromita tatu nne tu. Niliagiza kando, pamoja na slaidi ya kupimia, ile yenye milimita moja iliyogawanywa vipande 100, kila kipande mikromita 10. Ukishalinganisha, unajua kila mstari wa rula yako una thamani gani. Kwangu mstari mmoja ni mikromita 10 kwenye lenzi ya x10, 2.5 kwenye x40, na 1 kwenye x100. Fanya hesabu hiyo kwenye hadubini yako mwenyewe, usinakili yangu.

Upungufu mwingine ni meza ya slaidi. Inateremka yenyewe kidogo kidogo nikiwa nachora, na lazima nirudishe picha. Fundi aliikaza, sasa ni nafuu. Lenzi ya x4 inafifia pembeni, lakini kwa kutafutia inatosha. Plagi yake haikuingia kwenye soketi zetu, nikanunua adapta sokoni. Kishikio cha simu walichonipa ni cha plastiki na kinalegea, hata hivyo picha zinatoka nzuri ukishikilia kwa mkono.

Kifuniko cha nailoni kilichokuja nayo nimekiacha kabisa. Katika hali ya hewa ya kwetu kinafungia unyevu, na kuvu hizi hizi huota juu ya kioo cha lenzi na kukila. Mimi naiweka kwenye sanduku la mbao pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, wananiwekea. Navianika karibu na jiko vikishanyonya maji.

Usitarajie hadubini yoyote ya mwanga ikupe jina la spishi kila mara. Kwenye majani makavu ya chai nimekuta spora za seli tano, tatu za katikati zikiwa na rangi, na nywele kadhaa kwenye ncha moja. Zamani ningeandika Pestalotiopsis na kulala usingizi. Mwaka 2014 jenasi hiyo, yaani kundi la spishi za karibu, iligawanywa kuwa tatu kwa msaada wa DNA. Fusarium, Cladosporium na Colletotrichum ni hivyo hivyo: jenasi naitaja kwa uhakika, spishi naiacha. Tena majina yenyewe yalibadilika sana baada ya mkutano wa wataalamu wa mimea wa Melbourne, Australia, wa mwaka 2011 kuondoa utaratibu wa kuvu moja kuwa na majina mawili. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha zamani, hakikisha jina bado linatumika. Mimi ninapoandika kwenye daftari natanguliza mmea, sehemu ya mmea, mahali na tarehe, kisha mchoro na vipimo. Jina linakuja mwisho, na mara nyingine haliji.

Vaa barakoa unapofungua mfuko wa mabua yenye ukungu mkavu, na usiyanuse. Rangi ya buluu ya lakitofenoli, ambayo wengi wanaitumia, ina fenoli inayounguza ngozi. Kwa kuvu za kahawia maji matupu yanatosha.

Wakulima wananiuliza kama hadubini hii inaweza kuwasaidia na mnyauko wa migomba. Jibu ni hapana. Mnyauko ule ulioingia Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000 unaletwa na bakteria, Xanthomonas, na kuvu utakazoziona kwenye jani lake lililokufa zimekuja baadaye kula mabaki. Mnyauko unatambuliwa kwa panga: kata shina, subiri kidogo, uone kama usaha wa njano unatoka. Ukitoka, panga hilo lipitishe motoni kabla halijagusa mgomba mwingine, na kwenye migomba iliyo mizima vunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.