Kliniki ya mifugo Nyegezi: dokta aliyempima Popi kwa mikono kabla ya sindano

Naandika hii Popi amelala miguuni kwangu, kichwa bado kimeinamia kulia kidogo ila anatembea mwenyewe na anakula, na wiki saba zilizopita majirani zangu hapa Luchelele, Mwanza, walikuwa wameshashika fimbo wammalize.

Popi ana miaka 8, mbwa wa kienyeji tu, anapenda maji sijapata kuona, nikishuka ziwani kununua sato kwa wavuvi yeye anaogelea mpaka nimuite mara tatu. Masikio yalianza kumsumbua mwaka jana, anajikuna, anatikisa kichwa, harufu mbaya, mi naenda duka moja la dawa za mifugo (silitaji) nanunua matone ya gentamisini, natia, inapoa, inarudi, naenda tena. Hakuna hata siku moja mtu pale aliniambia mlete tumuangalie ndani ya sikio. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa asubuhi moja nafungua mlango nakuta mbwa anabingiria. Kichwa kimelala upande wa kulia, akisimama anaangukia kulia, ametapika, mate yanamtoka upande mmoja, na macho jamani, yanaruka fasta kwenda kushoto halafu yanarudi taratibu, yanaruka tena, hayatulii. Baba Juma jirani akaja akasema Mama Neema huyo ni kichaa, tummalize kabla hajang'ata mtoto. Nikamwambia Baba Juma huyu kachanjwa kila mwaka, nipe nusu saa. Bajaji wa kwanza alipoona mate akagoma, wa pili alikubali nilipomfunga Popi kwenye kanga na kumpakata nyuma.

Kliniki yenyewe ni ndogo, vyumba viwili, benchi nje, siku hiyo kulikuwa na mtu na kuku kwenye tenga na mwingine na mbuzi. Ila alipoona hali dokta alituita mbele. Swali lake la kwanza, mama kadi ya chanjo unayo? Akavaa glavu, akaniuliza kama kang'atwa na mbwa mwingine, kama kabadilika tabia, kama anameza maji. Hakutia mkono mdomoni mpaka alipoona kadi na Popi kanywa maji na kuyameza vizuri. Nilimuelewa kabisa, kichaa cha mbwa kipo huku kwetu na kinaweza kuanza na taya kulegea na mate hivi hivi.

Halafu ndo ikaja sehemu iliyonifanya niandike haya yote. Alikaa chini sakafuni na Popi karibu nusu saa anampima, hana mashine yoyote kubwa, ni mikono, tochi na kile kifaa cha kuchungulia sikio. Alikunja unyayo wa mguu ukakanyagia juu, Popi akaugeuza hapo hapo, miguu yote minne. Akasema hiyo ni dalili nzuri mama, tatizo lingekuwa ndani ya ubongo mara nyingi angeuacha mguu umekunjika, au angekuwa amezubaa, au macho yangekuwa yanaruka juu na chini. Haya yanaruka kwa pembeni, na yanaruka haraka kukimbia upande wenye ugonjwa, kwa hiyo tunatafuta kulia.

Akagusa kona ya jicho la kushoto, likapepesa. Akagusa la kulia, Popi akavuta kichwa ila kope halikufunga. Akarudia nione. Akanieleza kwamba kuna neva 12 zinazotoka kwenye ubongo kila upande, ya 5 ndo inapeleka habari kwamba umeguswa na ya 7 ndo inafunga kope, sasa Popi habari inafika maana amevuta kichwa, ila ya 7 imepooza. Ndo maana na mdomo wa kulia umening'inia na mate yanatoka huko. Na ya 8, ya kusikia na ya mizani ya mwili, inatoka sikio la ndani na kupita jirani kabisa na hiyo ya 7 kwenye mfupa wa sikio. Zote mbili zikiumwa kwa pamoja upande mmoja, sikio linakuwa mshukiwa namba moja. Hata mboni ya kulia ilikuwa ndogo kuliko ya kushoto na ile ngozi ya kona ya jicho imechomoza, akasema kuna neva nyingine nyembamba nayo inapita kwenye sikio la kati.

Nikauliza si uzee? Akasema wapo mbwa wazee wanapata kizunguzungu hivi ghafla bila sababu kujulikana, wanaanza kupata nafuu ndani ya siku tatu na wiki mbili tatu wanakaa sawa, ila hao uso haupoozi. Hapo ndo nilijua huyu mtu anajua anachofanya.

Alimpa dawa ya usingizi mwepesi akasafisha sikio kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, usaha ulitoka mwingi, na ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka. Nilipomuonyesha kichupa cha gentamisini alikitazama akanyamaza kidogo, akasema ngoma ikitoboka dawa hii inaweza kuingia ndani na kuharibu hiyo hiyo neva ya 8, usitie tena. Kwangu kilikuwa kidonda juu ya kidonda.

Akamuwekea kikaratasi chembamba kwenye kope dakika 1 kupima machozi, la kulia lilikuwa kavu, kumbe neva ya 7 inahusika na machozi pia. Basi antibayotiki ya vidonge wiki sita, sindano ya kuzuia kutapika, mafuta ya kulainisha jicho kila baada ya saa chache maana haliwezi kufunga na likikauka linapata kidonda. Nyumbani nimtandikie magunia asiteleze kwenye sementi, nimlishe kwa mkono, asiogelee.

Macho yalitulia siku ya nne. Wiki ya pili alitembea mpaka getini anayumba. Mdomo umerudi nusu, kope bado, na dokta hakunidanganya, alisema uso unaweza usirudi wote na kichwa kinaweza kubaki kimeinama.

Mapungufu yapo. Hawana eksirei, Jumapili simu haipokelewi, na kile kipimo cha usaha kujua dawa ipi inafaa ilibidi upelekwe maabara nyingine, majibu yakachukua wiki nzima. Bei, siku ya kwanza yote niliacha elfu 85, sio ndogo kwangu, ila kila shilingi ilielezwa kwenye risiti. Ukienda beba kadi ya chanjo na dawa zote ulizowahi kumpa mbwa wako, hata vichupa vitupu.

Alhamisi tunarudi aangalie kama ngoma imeziba. Baba Juma kasema atatusindikiza.